Mashimo Mawili, Mstari Mmoja

Tok.

Ulikuwa mtungi wa maji kando ya mlango, mtupu. Hapa Lodwar mitungi ya plastiki huvimba mchana kwa joto, halafu alfajiri baridi kidogo ikipita hujikunja na kulia mara moja hivyo. Nilikuwa macho. Tangu usiku nilikuwa nimelala chali gizani, simu chini ya mto, nikisubiri Thuok aongeze hata neno moja kwenye ujumbe wake.

"Njoo Kakuma kesho kabla ya saa kumi. Mlete mtoto."

Basi. Hakuniita mpenzi. Hakuuliza kama nimekula. Mtu aliyezoea kuniandikia mpaka simu ikajaa, leo ananiandikia kama karani.

"Nakiru," mama aliita kutoka upande wa pili wa pazia. "Huo mtungi umekuamsha ama hujalala?"

"Nilikuwa nimelala, mama."

"Aliyelala hajibu haraka hivyo." Nilisikia kitanda chake kikilia. "Unaenda kwake."

"Ameniita. Nafikiri ni ile fomu ya safari. Nafikiri anataka kuniandika."

"Fomu," mama alisema, kama mtu anayetema kokwa. "Baba yako alimwambia alete mifugo, yeye akaleta karatasi. Mtu mzima anasomea mashimo. Si angekuja hapa Kanamkemer, barabara yetu ina mashimo ya kumtosha mpaka azeeke."

"Yake ni ya angani, mama. Mashimo meusi."

"Hata haya yetu ni meusi usiku. Waulize watu wa bodaboda."

Nilicheka bila kutaka, na Nyaruach, binti yangu wa miaka minne, akajigeuza juu ya mkono wangu. Mama naye alicheka kidogo. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nitamwambia mzee umempeleka mtoto kliniki. Lakini sikiza, mwanangu. Yule mtu wa Lokori anakuja Jumapili kuzungumza na baba yako. Safari hii atakuja na wazee wake. Ukirudi leo bila neno la maana kutoka kwa huyo Thuok wako, mimi sitakuwa na la kusema. Utaolewa, na mtoto atabaki hapa."

Nilijua. Kwa watu wetu, mtoto ambaye baba yake hajatoa mifugo ni wa boma la babu yake, na baba yangu hakuwa mtu wa kusahau hilo. Thuok alikuwa aondoke Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano. Kama angevuka bahari bila kuacha jina langu limeandikwa popote duniani, basi Jumapili ningekaa mbele ya mtu ninayemjua kwa kikohozi chake tu, na Nyaruach angebaki akiitwa mtoto wa babu yake mpaka mwisho.

Nikainama gizani, nikanusa nywele zake. Zilikuwa na harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Nikajiambia, leo ananiandika. Mbona aniite na mtoto kama haniandiki?

* * *

Thuok ni Mnuer wa Sudan Kusini. Alifika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa na miaka tisa, pamoja na kaka yake Jal, na mzee Gatdet, mdogo wa baba yao, akawalea wote wawili. Alisoma kambini, akafundisha kambini, akapata digrii ya fizikia kwa kompyuta za kambini.

Mimi nilimpata miaka sita iliyopita kwenye darasa la jioni. Wakati huo tulikuwa tukiishi karibu na Kakuma, mama akiuza kuni kambini, na mimi, niliyeacha shule darasa la saba, nilikuwa nikimsubiri nje siku moja nilipoona dirisha lenye taa ya sola, na ndani yake kijana mrefu mno akichora duara ubaoni bila kutumia kitu chochote, mkono mtupu, na duara likawa duara kweli. Nikasimama. Akaniona. Akasema, "Dirisha halitoi cheti. Ingia." Nikaingia. Sijawahi kutoka.

Jioni moja alituchukua mpaka kwenye bomba la shule. Aliuweka mpira wa maji chini mchangani, akafungua bomba kwa nguvu. Ule mpira uliruka nyuma kama nyoka aliyekanyagwa, ukatulowesha sote, tukapiga kelele.

"Maji yanaenda mbele, mpira unarudi nyuma," alisema, akifuta miwani. "Haya. Sasa tupande juu."

Akatuambia juu ya nyota kubwa zinazokufa na kuporomoka ndani yake zenyewe mpaka hata mwanga hauwezi kutoka. Hayo ndiyo mashimo meusi. Akasema wakati mwingine mawili hupatana, yakaanza kuzungukana, kila moja likijizungusha lenyewe pia, na kila mzunguko yanakaribiana, kasi inaongezeka, mpaka anga yenyewe inatikisika. Mtikisiko huo husambaa kama mawimbi. Ukifika kwetu umeshasafiri miaka milioni elfu moja, na ni mdogo kuliko upana wa punje ndogo kabisa ya kitu, lakini kuna mashine zinazousikia.

"Sasa, kama yanajizungusha yakiwa yameinama vibaya, mawimbi yanatoka kwa nguvu zaidi upande mmoja. Kama maji ya mpira. Yakishaungana, shimo linalobaki linapata teke upande wa pili."

"Nani amelipiga?" niliuliza.

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Hakuna mtu. Limejipiga lenyewe, kwa kuungana."

"Teke kubwa?"

"Likiwa baya, kilomita elfu kwa sekunde na zaidi. Ungetoka hapa ukafika Lodwar kabla hujapepesa jicho. Mengine hutupwa nje ya makazi yao ya nyota kabisa, yakapotea kwenye giza lisilo na jirani."

Wanafunzi wengine walikuwa wameshaanza kukamua nguo zao. Mimi nilikuwa nimesimama tu, maji yakinidondoka kidevuni, nikifikiri jinsi mtu anavyoweza kupenda kitu cha mbali hivyo na bado akakumbuka kuuliza, kama alivyoniuliza kisha, "Utafikaje nyumbani umelowa?"

Ndiyo kazi iliyompa safari. Zile mashine huweka rekodi zake wazi, mtu yeyote azisome. Thuok alikaa miezi kumi kwenye kompyuta ya shule, akichukua umbo la wimbi moja na kukadiria shimo lake lilikuwa limetupwa upande gani na kwa kasi gani. Maprofesa wa ng'ambo walisoma hesabu yake, wakamhoji wiki tatu, halafu wakamwita akasome kwao. Siku barua ilipokuja aliniinua juu mbele ya watu, na mimi nikalia, kwa sababu tayari nilikuwa nimeelewa kwamba barua ile ilikuwa na jina moja.

* * *

Tulifika shuleni saa tisa, jua likiwa bado kali. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani alilolipenda. Nyaruach alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Nilitegemea kumkuta Thuok peke yake. Darasani walikuwamo watu wanne.

Kwenye meza ya mwalimu alikaa Bwana Kiplagat, ofisa wa masomo, na fomu zake zimebanwa na jiwe zisipeperuke. Thuok alisimama ubaoni, chaki mkononi, haandiki. Kwenye dawati la mbele alikaa mzee Gatdet, mistari sita ambayo Wanuer hukatwa ujanani ikipita kwenye paji lake kutoka sikio hadi sikio. Na nyuma yake, karibu na ukuta, mwanamke mwembamba mwenye shanga za samawati shingoni, mikono mapajani. Nilimjua kwa sura. Nyamal, mjane wa Jal. Aliwahi kunipa maji siku moja ya joto kama hii.

"Ejok," nilisalimu.

"Ejok, Mama ya Nyaruach," mzee Gatdet alijibu. "Keti. Wewe ni mtu mzuri. Mimi sina vita na wewe. Lakini hii kitu ya leo ni ya nyumba, na nyumba lazima isikike."

Nilimtazama Thuok. Aliitazama chaki.

"Mama, nieleze mimi, kwa sababu naona hakuna mwingine ataeleza," Kiplagat alisema, akiondoa jiwe. "Huyu bwana anasafiri keshokutwa. Hii ni fomu ya familia, wale watakaomfuata baadaye. Hapa kuna mstari mmoja umeandikwa mke. Mmoja tu. Naondoka saa kumi na kila karatasi, iliyojaa na isiyojaa. Shida ni kwamba kadi yake ya chakula ya zamani tayari ina mke." Alinyoosha kalamu kuelekea ukutani. "Nyamal."

Sikusikia kilichofuata kwa muda. Niliona midomo ya Kiplagat ikienda. Nyaruach alinivuta gauni akaniuliza kama anaweza kuchukua chaki, na nikasikia sauti yangu ikisema chukua, mama, chukua.

"Tunaomba dakika tano," Thuok alisema.

"Chukueni kumi," Kiplagat alisema. "Jua ndilo halingoji."

* * *

Nyuma ya darasa kulikuwa na kivuli chembamba cha tangi la maji. Tulisimama ndani yake karibu tukigusana, kwa sababu hakukuwa na kivuli kingine.

"Mwalimu," nilisema. "Una mke."

"Nakiru."

"Hilo ni jina langu. Nimeuliza juu ya mke."

Alivua miwani. Bila miwani macho yake huwa kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi, na nilikasirika kwamba hata wakati ule niliyapenda.

"Jal alipokufa nilikuwa na miaka ishirini," alisema. "Alikuwa amerudi Bentiu kutafuta ng'ombe wetu, hakurudi tena. Kwetu mtu akifa nyumba yake haifi. Mdogo wake anaingia mahali pake, anailinda, na watoto wanabaki wa marehemu. Baba Gatdet aliniambia nisimame. Nikasimama. Siku ya kubadilisha kadi karani aliniuliza, 'Huyu ni nani wako?' Nikasema ni wa nyumba yangu. Akaandika mke. Sikubisha. Watoto walikuwa na njaa na foleni ilikuwa ndefu."

"Miaka minane."

"Miaka minane."

"Na mimi uko nami miaka sita."

"Kwangu haikuwa ndoa. Ilikuwa kadi. Niliona nikikuambia utasikia neno mke na hutasikia kitu kingine tena."

"Ni kweli. Sisikii kingine. Umelala kwake?"

"Hapana."

"Niangalie useme."

Aliniangalia. "Nimelala nje ya mlango wake, kwenye mkeka, mwezi mmoja, wakati ule wa vurugu kwenye bloki yetu ya kambi. Ndani sijalala. Mzee anajua, na ndiyo sababu hafurahi nami. Muulize Nyamal mwenyewe."

"Nimuulize kwa lugha gani? Mimi na yeye tunajua maji na ahsante."

Akanyoosha mkono, nikarudi nyuma, nikatoka kivulini. Jua lilinishika mgongo kama pasi.

"Kumbe ndilo hilo teke lako," nilisema. "Wewe na yeye mnaunganishwa kwenye karatasi, mimi ndiye ninayetupwa. Ungenifundisha vizuri tangu siku ile ya mpira, ningejiandaa."

"Hukunielewa siku ile." Alisema polepole, kama alivyosema na wanafunzi wazito, na nilitaka kumpiga na kumkumbatia. "Si moja linatupwa na lingine linabaki. Yakiungana hakuna mawili tena. Kinachotupwa ni kile kimoja kilichobaki, na yote mawili yamo ndani. Yanaondoka pamoja, Nakiru. Hakuna anayebaki mahali pake."

"Na upande ule mwingine kunaenda nini?"

"Mawimbi."

"Hurudi?"

"Hayarudi."

Ndani, mzee Gatdet alikuwa akisema kwa Kinuer, maneno marefu yasiyo na hasira.

"Niambie ukweli wote," nilisema. "Ukiandika jina lake?"

"Napanda ndege Ijumaa."

"Ukiandika langu?"

"Watauliza kwa nini kadi ilisema uongo miaka minane. Wanaweza kunishusha. Wanaweza kufuta safari yote."

Nilikuwa nimepanga, njia nzima kutoka Lodwar, kuwa mwanamke mwenye heshima yake. Nilikuwa nimejiambia hata akisema hapana nitamshukuru, nitamchukua mtoto, nitaondoka shingo juu. Lakini nilipomwona anavyopitisha kidole gumba juu ya ile chaki, heshima yote iliniishia.

"Niandike," nilisema. "Thuok, nakuomba. Jumapili wanakuja wazee wa Lokori. Watanipeleka, na mtoto ataachwa, na wewe utakuwa huko ukihesabu mambo yaliyotokea kabla dunia haijawa na watu, na hutajua siku niliyoondoka. Najua naomba vibaya. Najua naomba juu ya watoto wa mwingine. Niandike hata kama watakataa. Nataka iwe uliniandika."

Alikuja akaniinulia uso. Vidole vyake viliacha unga mweupe shavuni mwangu, nikauhisi ukikauka na machozi.

"Nilikuita na mtoto kwa sababu nilijua jibu tangu jana," alisema. "Niliogopa kukuandikia. Ningekuandikia ungeniambia nisipoteze safari, na mimi ningekubali, na tungekuwa wajinga wawili wenye adabu."

* * *

Tuliporudi ndani alisimama mbele ya mzee Gatdet, hakukaa.

"Baba. Nitaandika Nakiru."

Mzee akajibu kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Mimi nilikubeba wewe mgongoni kutoka Lokichoggio. Jal alitembea, wewe nilibeba. Sasa wewe unaenda kwa ndege, na nyumba ya Jal unaacha chini."

"Siiachi. Nitatuma pesa za chakula cha watoto wake mpaka wakue. Lakini siwezi kuapa kwamba mke wa Jal ni mke wangu."

"Ndege ikubebe basi," mzee alisema. "Lakini baraka yangu itabaki hapa na mimi. Mimi ni mzee, sipandi ndege."

Niliona jinsi neno hilo lilivyomwingia Thuok. Alishika ukingo wa dawati. Lakini alinyoosha mkono mwingine apewe kalamu.

Kiplagat hakumpa.

"Ngojeni kwanza," alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. "Haitoshi yeye kusema. Kadi inasema mke ni huyu mama. Mimi sijui mila ya mtu, najua mistari. Lazima yeye mwenyewe aseme si mke, na aweke kidole hapa. Asiposema, naandika lililo kwenye kadi. Na ni saa tisa na nusu."

Basi sote tukageuka kumtazama Nyamal.

Alikuwa hajasema neno tangu nifike. Nyaruach alikuwa ameketi sakafuni karibu na miguu yake, akichora maduara yaliyopinda. Mzee Gatdet alimgeukia akaanza tena kwa Kinuer, upole uleule mzito, na nikasikia jina la Jal, na majina mengine mawili ambayo lazima yalikuwa ya watoto wake. Sikuhitaji kutafsiriwa. Alikuwa akimwambia kwamba akinyamaza tu, watoto wake nao watapanda ndege siku moja. Hakutakiwa hata kusema uongo. Alitakiwa kukaa kimya kwa nusu saa.

Nilikwenda nikakaa sakafuni mbele yake. Sijui nilitaka kusema nini. Nilikuwa na mkono mmoja juu ya kichwa cha mwanangu, na mwingine haukuwa na la kufanya.

Nyamal aliinama.

"Mtoto yako, miaka ngapi?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuokota.

"Minne."

"Yangu iko mbili. Kubwa iko kumi na moja." Alitazama maduara ya Nyaruach. "Wewe napenda huyu Thuok?"

"Nampenda."

"Sana?"

"Sana, mama. Nisamehe."

Aliguna kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. "Yeye mtu mzuri. Iko na mdomo mingi ya nyota." Thuok alicheka pumzi moja iliyovunjika katikati. "Kule mlango yangu, usiku, yeye nahesabu nyota mpaka watoto nalala. Ndani hakuna ingia. Mimi nasikia yeye kwa ukuta, mimi nalia, sababu sauti yake ni kama sauti ya Jal."

Alishika shanga zake za samawati.

"Mimi napenda Jal," Nyamal alisema.

Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Akamgeukia mzee Gatdet, na akachagua kusema kwa Kiswahili, nadhani ili pasiwe na mtu wa kumgeuzia maneno.

"Baba. Ng'ombe yangu nani alitoa?"

Mzee aligeuza uso dirishani.

"Jal alitoa. Wewe mwenyewe kila siku naambia watu, huyu ni bibi ya Jal, hata akikufa ni bibi ya Jal, mtoto akizaa ni ya Jal. Ni kweli ama uongo?"

"Ni kweli," mzee Gatdet alisema mwishowe, kwa shida. Hakuwa na njia. Ilikuwa sheria yake mwenyewe.

"Basi." Akaenda mezani. "Wewe andika. Bwana yangu ni Jal. Yeye nakufa Bentiu. Bwana ingine sina."

Kiplagat alikuwa ameishika kalamu lakini haandiki. "Mama, unaelewa? Ukisema hivi, wewe na watoto wako hamtamfuata. Mlango huu unafungwa. Sitaki kesho mtu aniambie hukuelezwa."

"Naelewa mlango," Nyamal alisema.

Akabonyeza kidole gumba kwenye wino wa zambarau, kisha kwenye karatasi. Alikiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipokiinua alikitazama, akakifuta kwenye kitambaa chake, akachukua shanga moja iliyokuwa imelegea shingoni akairudisha mahali pake. Hakumtazama Thuok. Mimi alinitazama. Sikuweza kusema hata ahsante, ile ahsante moja tuliyokuwa tunaijua sote wawili.

Mzee Gatdet alitoka bila kuaga, akashika njia ya kanisani.

Sasa Thuok alipewa kalamu. Akaandika jina langu, jina la baba yangu, na chini yake jina la Nyaruach, kwa herufi kubwa, polepole. Kiplagat akageuza karatasi, akasoma, akapiga muhuri.

"Nitaipeleka," alisema. "Lakini nisiwadanganye. Suala la kadi litaulizwa. Jibu linaweza kuja kesho, linaweza kuja Ijumaa ndege ikiwa tayari inanguruma, na linaweza kuwa hapana kwa wote, wewe bwana pamoja na safari yako. Sijui. Mimi nabeba tu." Akakusanya vitu vyake. Mlangoni akasimama. "Lakini umeandikwa, mama. Hilo hata wakikataa, limeandikwa."

Akaondoka. Injini ikawaka, vumbi likaingia dirishani na kutua juu ya madawati.

Thuok alikaa kwenye dawati dogo, magoti karibu na kidevu. Nilikwenda nikasimama kati ya magoti yake, akaweka paji lake tumboni mwangu, hapa alipolala Nyaruach kabla hajawa mtu. Nilimshika kichwa kwa mikono yote miwili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika. Niliwaza Jumapili, nikawaza Ijumaa, nikawaza baba yangu ameketi na wazee wa Lokori mimi nikiwaambia nimeshaandikwa, na wao wakiniuliza, wapi, kwenye nini, tuonyeshe. Sikuwa na cha kuonyesha. Nilikuwa na unga wa chaki shavuni na mtu anayelia, ambaye huenda nilikuwa nimemnyima anga yake yote. Na bado, Mungu anisamehe, nilifurahi. Furaha iliniuma kama maji ya moto kwenye meno.

"Umejuta?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa bila kukiinua.

"Utajuta."

"Labda," alisema ndani ya gauni langu. "Lakini tutakuwa tumejuta wote wawili, mahali pamoja."

Nilitaka wakati usimame hapo. Nilifunga macho. Joto la jioni lilikuwa limeanza kulegea, na kwa mbali kambi ilikuwa ikipiga kelele zake za kawaida, redio, mbuzi, watu wakiitana kwa lugha saba.

Nyaruach alikuwa amekwenda mlangoni na chaki yake. Alisimama pale kizingitini, mkono juu ya macho kuzuia jua, akitazama uwanja mpana wa shule na njia ya vumbi inayoelekea kwenye bloki.

"Mama," alisema, "yule mama wa shanga anaenda peke yake."